Mfadhili au Mgharimiaji? Uhakiki wa Matini za Ruzuku za Utafiti Zisomwavyo Goma

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi. Baadaye ulipanuka ukahusisha pia nyimbo, misemo ya kanga, matangazo ya biashara na hotuba za wanasiasa. Iko hata hivyo aina moja ya matini ambayo wasomi wa vyuo vikuu huisoma kwa bidii kuliko riwaya yoyote, huijibu kwa kurasa nyingi, na ambayo huamua nani atafanya utafiti na nani atabaki akifundisha kwa daftari za zamani. Matini hiyo ni tangazo la ruzuku ya utafiti, pamoja na jibu lake, yaani andiko la kuomba ruzuku. Katika uhakiki wa Kiswahili matini hizi mbili hazijapewa nafasi inayolingana na nguvu zake.

Makala hii inazitazama kutoka mahali mahususi: mtaa wa Katindo, mjini Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Mwalimu msaidizi anayeishi Katindo hufundisha kwa Kifaransa, huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, na aghalabu hulisoma tangazo la ruzuku kwa Kiingereza, kwenye kioo cha simu, umeme unapopatikana. Kwa hiyo kabla hajafikia swali la utafiti, amekwisha kuvuka mipaka miwili ya lugha. Hali hiyo inamfanya kuwa msomaji mzuri wa kuchunguzwa, maana matatizo ambayo wenzake wa Dar es Salaam au Nairobi huyaona nusu, yeye huyaona yote.

Hoja inayotetewa hapa ni hii: msamiati ambao Kiswahili kimeuchagua kwa ajili ya ruzuku humfundisha msomi kuona fadhila mahali penye mkataba, na kosa hilo la usomaji humgharimu. Hoja hiyo itaonyeshwa kwanza kwa msamiati, kisha kwa fani ya matini zenyewe. Baadaye itawekewa mpaka, kwa kuwa yako mambo ambayo hata msomaji hodari hawezi kuyarekebisha akiwa peke yake.

2.0 Msamiati: ruzuku, mfadhili na maombi

Istilahi tatu hutawala uwanja huu katika Kiswahili sanifu, nazo ni ruzuku, mfadhili na maombi. Kila moja ina historia, na historia hiyo haijafutika katika akili ya msemaji.

Ruzuku inatokana na mzizi wa Kiarabu ambao umezaa pia neno riziki. Katika matumizi ya dini, kiima cha kitenzi kuruzuku ni Mwenyezi Mungu. Mwanadamu huruzukiwa tu. Serikali zilipoanza kugharimia mbolea na vyama vya siasa, neno lilihamia huko, lakini halikuacha nyumbani harufu yake ya kwanza. Wahenga walisema riziki haivutwi kwa kamba. Methali hiyo ni faraja njema kwa mvuvi aliyerudi mtumbwi mtupu. Kwa mtafiti aliyekataliwa ni mshauri mbaya, kwa sababu inamwambia asiulize kwa nini.

Mfadhili anatokana na kufadhili, kumtendea mtu wema asioustahili kwa haki. Lugha yenyewe inajua kwamba uhusiano huo una miiba. Methali isemayo mfadhili mbuzi binadamu ana maudhi inahusu upande wa anayetenda wema. Hapo mfadhili si nomino, ni kitenzi cha kuamuru chenye kiambishi cha yambwa, na maana yake ni kwamba afadhali wema huo apewe mnyama. Nayo fadhila ya punda ni mateke humlaumu aliyetendewa. Katika methali zote mbili mwenye deni ni mpokeaji, na deni lake ni la shukrani. Halina tarehe ya kwisha wala risiti.

Neno la tatu, maombi, linatumika kwa kazi, kwa visa, kwa msamaha na kwa sala. Anayeomba sana huitwa ombaomba.

Yakiunganishwa maneno haya matatu hutoa sentensi ya kawaida kabisa: Mfadhili amempa mwombaji ruzuku. Kisarufi, mtenda katika sentensi hiyo ni mmoja. Mwombaji ni yambwa. Kazi yake ni kupokea. Lakini hati ambayo pande mbili hutia sahihi baada ya ruzuku kukubaliwa ina watenda wawili. Upande mmoja unalazimika kutoa fedha kwa awamu na kwa tarehe zilizotajwa. Upande wa pili unalazimika kukusanya data, kutoa taarifa, kutunza risiti na kuchapisha matokeo. Kila upande unaweza kuvunja mkataba, na kila upande una jambo ambalo mwenziwe hawezi kulipata bila yeye. Shirika lenye makao Berlin au Dakar lina fedha, lakini halina masikio ya kusikiliza wazee wa Rutshuru.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Mtu anayejiona amefadhiliwa haandiki kwa ofisa wa programu kuuliza maana ya kifungu kisichoeleweka, kwa kuchelea kuonekana msumbufu. Ilhali mashirika mengi huweka anwani ya maswali kwa ajili hiyo hasa. Hupunguza bajeti yake mwenyewe ili aonekane mnyenyekevu, kisha fedha humwishia katikati ya kazi. Hutumia aya ya kwanza ya andiko kushukuru. Akikataliwa haombi maoni ya wasomaji wa andiko lake, na mwaka unaofuata hulipeleka lile lile, pamoja na makosa yake yale yale.

2.1 Neno la Katindo

Inafaa kulinganisha msamiati huu wa sanifu na neno ambalo watu wa Goma hulitumia kila siku, nalo ni la Kifaransa: bailleur. Katika sheria ya Kifaransa bailleur ni mtu anayepangisha mali yake. Ofisini humaanisha anayetoa fedha za mradi. Uani humaanisha mwenye nyumba, yule anayekuja kudai kodi. Neno ni moja kwa wote wawili, na kila mpangaji wa Katindo analijua.

Sitiari hii ni sahihi kuliko ile ya fadhila. Mpangaji hamshukuru mwenye nyumba kwa kumpa chumba. Huuliza amana ni ya miezi mingapi, nani atatengeneza paa likivuja, na taarifa ya kuhama hutolewa muda gani kabla. Hujua pia kwamba nyumba si yake na kwamba mkataba unaweza usirudiwe. Msomi yule yule ambaye hawezi kuingia nyumbani bila kuuliza maswali hayo hutia sahihi hati ya ruzuku bila kuuliza hata moja kati ya yanayofanana nayo: nani atabaki na rekodi za sauti, jina la nani litatangulia kwenye makala, vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha.

3.0 Fani ya tangazo na fani ya jibu

Tangazo la ruzuku lina muundo usiobadilika sana. Hufungua kwa madhumuni ya programu, hufuata masharti ya ustahiki, kisha vigezo vya tathmini, kanuni za bajeti, viambatisho na tarehe ya mwisho. Mpangilio huo ni wa mwandishi wa tangazo. Msomaji hodari hufuata mwingine. Huanza na ustahiki, kwa kuwa hapo ndipo wengi huondolewa kabla ya hoja yao kusomwa. Huenda kwenye kanuni za bajeti, hasa orodha ya yasiyolipiwa, maana ruzuku isiyolipia msaidizi wa utafiti wala kifaa cha kurekodia haiwezi kuzaa kazi ya isimu ya uwandani. Hupita kwenye orodha ya waliowahi kupewa, ambayo mashirika mengi huichapisha, ili aone kwa vitendo yale yanayosemwa kwa maneno ya jumla. Madhumuni huyasoma mwisho, kwa sababu ndiyo sehemu yenye mapambo mengi na taarifa chache.

3.1 Ustahiki na rafiki wa uongo

Katika masharti ya ustahiki limo neno moja ambalo limewafungia nje wasomi wengi wa Kongo: lisansi. Katika mfumo wa zamani wa Kongo mwanafunzi alisoma miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya lisansi, jumla miaka 5, na mwisho aliandika tasnifu. Mfumo mpya wa LMD, ambao vyuo vya Kongo viliagizwa kuufuata kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unaita lisansi shahada ya miaka 3. Neno ni lile lile, kitu ni kingine. Msomaji wa andiko aliyeko Nairobi au London akiona lisansi huifasiri kuwa shahada ya kwanza, na mwenye miaka 5 ya masomo hupangwa na wenye 3.

Wanaisimu huita maneno ya namna hii marafiki wa uongo. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya wasifu, inayotaja idadi ya miaka na tasnifu, pamoja na barua ya chuo inayothibitisha. Wengi hawaiandiki, kwa kudhani kwamba cheti kinajieleza chenyewe. Ngazi ya pili ya mlango, yaani sharti la shahada ya uzamivu, haina dawa ya sentensi moja. Mwalimu msaidizi anayetaka kuivuka hulazimika kutafuta ruzuku za kuandikia tasnifu, kama zile ambazo CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lililoundwa mwaka 1973 na lenye makao Dakar, limekuwa likizitoa kwa watahiniwa wa vyuo vya Afrika, na ambazo Kifaransa hakikuwa kikwazo kwake.

3.2 Mtindo na wahusika

Mtindo wa matangazo hupenda kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Maandiko yatatathminiwa, maamuzi yatatolewa, rufani hazitapokelewa. Mhusika mwenye nguvu kuliko wote, yaani jopo, hujificha nyuma ya kiambishi -w-. Kiambishi hicho hicho kimo katika jina la wahusika walio chini kabisa: walengwa. Kimofolojia walengwa ni watu wanaolengwa, kama ndege juu ya mti. Wazungumzaji wa Kiswahili cha Goma, ambao ndio chanzo cha data yote, huingia katika matini kwa jina hilo, nao hawana sentensi hata moja ambamo wao ni kiima.

Andiko zuri hurekebisha sarufi hiyo. Husema ni nani atafanya nini, lini, wapi. Tuchukulie mfano wa mwalimu msaidizi anayetaka kuchunguza kiambishi ba- kinachochukua mahali pa wa- ya sanifu katika Kiswahili cha Kivu, kama katika batu na bana. Andiko dhaifu litafungua kwa historia ya Kiswahili tangu misafara ya karne ya 19, lipite kwa wamisionari, na kufikia ba- katika ukurasa wa nne, ambapo msomaji amekwisha kuchoka. Andiko lenye nguvu litafungua na mzungumzaji mmoja anayesema wa- kanisani na ba- nyumbani siku ile ile, na kuuliza ni nini kinachomgeuza. Swali liko katika aya ya kwanza. Historia itapata nafasi yake baadaye, kwa kadiri inavyohitajika kulijibu.

3.3 Hadhira

Msanii wa jukwaani huitazama hadhira yake; mwandishi wa andiko huiandikia hadhira asiyoiona. Aghalabu jopo huwa na mwanahistoria, mwanaanthropolojia, mtaalamu wa fasihi, na pengine mwanaisimu wa lugha ambazo hazihusiani na Kibantu. Kila mmoja ana maandiko mengi mezani. Mwalimu wa Goma aliyezoea kuandikia wahadhiri wake, ambao wote wanaijua Kivu, huacha kueleza mambo ambayo kwake ni dhahiri: kwamba Goma inapakana na Gisenyi, kwamba Kinyarwanda, Kinande, Kihunde na Kifaransa vinakutana na Kiswahili katika mtaa mmoja. Kumbe hayo ndiyo utajiri wa mahali pake pa utafiti, na ndiyo ambayo mshindani wake aliyeko Ulaya hana.

3.4 Bajeti kama maudhui

Wengi huichukulia bajeti kuwa kiambatisho. Kwa mhakiki, bajeti ni sehemu ya maudhui, tena sehemu isiyoweza kusema uongo kwa urahisi. Jedwali lenye gari la kukodi kwa siku 20 na lisilo na saa za unukuzi linasimulia kisa: mwandishi hajawahi kunukuu rekodi. Saa moja ya mazungumzo ya asili huhitaji saa nyingi za kunukuu, na zaidi kukiwa na lugha mbili ndani yake. Jedwali lisilo na malipo kwa wazungumzaji linasimulia kisa kingine. Jopo husoma visa hivyo hata kama mwandishi hakukusudia kuvisimulia.

4.0 Ramani: yasiyomo katika matini

Hadi hapa hoja imekuwa kwamba msomaji hodari hufanikiwa zaidi. Hoja hiyo ina mpaka wake. Kuna matangazo ambayo mwalimu wa Goma angeyasoma kwa ustadi wote na bado asingeweza kuyajibu, kwa sababu nchi yake haimo.

Mfano mkubwa wa kihistoria ni uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika ya Mashariki, ulioendeshwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa fedha za Ford Foundation. Uchunguzi huo ulizaa vitabu ambavyo kila mwanaisimu wa eneo hili amevipitia: Language in Uganda (1972), Language in Kenya (1974), Language in Ethiopia (1976), Language in Zambia (1978) na Language in Tanzania (1980). Nchi ni 5. Kongo haimo, ingawa mamilioni ya wazungumzaji wa Kiswahili waliishi Katanga, Maniema, Kivu na Kisangani. Na mmoja wa wahariri wa kitabu cha Tanzania, Edgar Polomé, alikuwa amefundisha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kabla ya uhuru, akakijua vyema Kiswahili cha huko. Ujuzi wa Kiswahili cha Kongo ulikuwepo hadi ndani ya timu. Kilichokosekana ni mpaka wa mradi kuufikia.

Miaka 40 baadaye mchoro ulifanana na ule. Programu ya Wanadamu ya Afrika, yaani African Humanities Program, iliyoanzishwa mwaka 2008 na American Council of Learned Societies kwa fedha za Carnegie Corporation, ilitoa nafasi kwa wasomi wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Hapo hata Kenya haikuwemo. Haifai kusema kwamba kulikuwa na nia mbaya. Kila programu ina mipaka, na fedha zikienezwa kila mahali huwa nyembamba mno. Hata hivyo athari ya mipaka hiyo hujilimbikiza. Penye uchunguzi wa kwanza hutokea marejeo. Penye marejeo andiko la pili huwa rahisi kuandikwa. Penye andiko la pili hutokea wahadhiri wa kusimamia la tatu. Pasipo na la kwanza, hakuna cha kurejelea.

Aina nyingine ya mpaka ni mada. Kwa mwanaisimu wa uwandani, programu ya uwekaji kumbukumbu wa lugha zilizo hatarini, ELDP, iliyoanzishwa mwaka 2002 mjini London na baadaye kuhamia Berlin, ni miongoni mwa milango michache iliyo wazi kwa watu wa nchi zote. Lakini jina lake linasema masharti yake. Kiswahili cha Goma hakiko hatarini. Kinakua, kinameza maneno na kuzaa watoto. Kwa kipimo hicho lugha hupata fedha inapokaribia kufa, na aina hai ya Kiswahili, inayobadilika mbele ya macho ya watu, hubaki kati ya viti viwili. Haifi, basi haina haraka. Si sanifu, basi haina heshima.

Matokeo yanaonekana kwenye rafu. Historia ya Kiswahili cha Kongo chini ya ukoloni iliandikwa na Johannes Fabian katika Language and Colonial Power (1986). Sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi iliandikwa kwa Kijerumani na Walter Schicho (1982). Kuhusu Kivu, kazi ya Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose, Kivu Swahili Texts and Grammar Notes (2016), ni hatua muhimu, na muungano wa majina mawili kwenye jalada lake unaonyesha njia inayowezekana. Ni kazi zenye thamani. Lakini moja ni ya Kijerumani, mbili ni za Kiingereza, na mwanafunzi wa Goma anayetaka kujua lugha yake ilivyo hulazimika kwanza kujifunza lugha ya mwingine.

Ulinganisho na Dar es Salaam unafaa hapa. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 kwa fedha za Sweden na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Göteborg, ulizaa misamiati, sarufi na Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009). Fedha hizo pia zilitoka nje. Tofauti ni kwamba zilikuta nyumba imekwisha kujengwa: chuo chenye idara za isimu na lugha na kiliokuwa na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili tangu 1964, maktaba, majarida na wahariri. Mradi ulipokwisha, nyumba ilibaki.

5.0 Mwenye nyumba anapoondoka

Kwamba jambo hili si la vitabu tu, watu wa Goma wanalijua kuliko wengine. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kinachofuatilia Nyiragongo na Nyamulagira, kilianzishwa mwaka 1986. Baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, ambao lava yake ilipita katikati ya mji hadi ziwani, kazi yake ilitegemea kwa sehemu kubwa washirika wa nje, miongoni mwao taasisi za Ubelgiji, Italia na Luxembourg, na baadaye fedha za Benki ya Dunia. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulikoma mwaka 2020 na haukurudiwa. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokelea data kutoka kwenye vipimo vyake. Kazi ilianza kurudi kwa sehemu mnamo Aprili 2021. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila onyo. Watu zaidi ya 30 walikufa, na siku chache baadaye mamia ya maelfu waliamriwa kuhama.

Uhakiki wa haki unadai kwamba kisa hiki kisisimuliwe kwa urahisi kuliko kilivyo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba mlipuko huo haukutanguliwa na dalili za kawaida, na kwamba hata kwa vipimo kamili onyo lingekuwa la muda mfupi sana. Yumkini basi fedha zisingezuia msiba. Lakini jambo moja halibadiliki: kwa miezi hiyo mji wa watu wengi namna hiyo haukuweza kujua kama mlima unasema au umenyamaza, kwa sababu mkataba mmoja ulikuwa umekwisha na hapakuwa na mwingine nyuma yake. Mlima haukuwa na habari na tarehe za mradi.

Mwaka 2025 uliongeza funzo la aina nyingine. Januari ya mwaka huo mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Karibu kila mkataba wa ruzuku hudhani kuwepo kwa akaunti ya benki yenye jina la chuo, na karibu kila ratiba hudhani kuwepo kwa safari. Vifungu vinavyohusu dharura zisizozuilika, ambavyo wengi huviruka kwa kuwa vimeandikwa kwa lugha kavu ya mawakili, vikageuka kuwa kurasa zenye maana kuliko zote. Aliyevisoma kabla ya kutia sahihi, akaomba kuandikiwa njia mbadala ya malipo na nyongeza ya muda, alikuwa na kitu cha kushika. Aliyeshukuru tu, hakuwa nacho.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Mambo manne yanatokana na uchambuzi huu.

Kwanza, idara za lugha zifundishe usomaji wa matangazo ya ruzuku kama zinavyofundisha usomaji wa shairi. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha nafsi neni na mtunzi anaweza pia kutofautisha madhumuni ya programu na vigezo vya jopo.

Pili, kila idara iwe na faili moja iliyo tayari kabla tangazo halijatoka: barua ya chuo, maelezo ya miaka ya lisansi kwa Kiingereza na Kifaransa, wasifu wa kurasa 2, na muhtasari wa utafiti wa ukurasa mmoja ambao mwenzake wa idara nyingine amekwisha kuusoma na kuuelewa. Tarehe za mwisho huwa fupi, na muda mwingi hupotea kwa kutafuta mhuri.

Tatu, ushirikiano na vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda utafutwe kwa masharti yaliyoandikwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Hatua hizo zimempa msomi wa Goma hoja ambayo mtangulizi wake wa mwaka 1970 hakuwa nayo. Aitumie pia kudai kwamba muhtasari wa kila utafiti kuhusu Kiswahili uandikwe kwa Kiswahili, ili wazungumzaji waweze kuusoma. Na chuo, hata kikiwa maskini, kitenge fungu dogo lake chenyewe, lau la kulipia saa za unukuzi, kwa sababu mgeni huongeza juu ya kilichopo na ni nadra aanze na sifuri.

Nne ni suala la istilahi. Kiswahili kina kitenzi kugharimia, kinachomaanisha kubeba gharama ya jambo bila kutaja wema wala shukrani. Anayetoa fedha za utafiti na aitwe mgharimiaji. Kina pia kitenzi kuwania, kinachotumika kwa kiti cha ubunge na kwa kombe, na ambacho kiima chake hushindana kwa nguvu zake. Ruzuku na iwaniwe. Mabadiliko ya maneno hayatafungua benki wala kupanua ramani ya mtu. Yataondoa kikwazo kimoja tu, kile ambacho msomi amejiwekea mwenyewe kinywani: ataweza kuandika kwa ofisa wa programu na kuuliza maana ya kifungu cha 7, kama ambavyo angemuuliza mwenye nyumba wa Katindo nani atatengeneza paa.